Kijana Wangu Alitia Sahihi Peke Yake

Mama mwenzangu, kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nimelisema kwa Mungu tu, na kwa mume wangu kwa vipande vipande. Leo nimeona nikuandikie wewe, kwa kuwa huenda nawe una mtoto wa namna hiyo nyumbani, na huenda karatasi ya namna hiyo iko njiani inakuja.

Mimi ni muuguzi hapa Kalinzi, milimani, upande huu wa Kigoma wenye kahawa na migomba, ambako ukiacha mlango wazi asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Nimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimezoea kuwauliza watu mambo yao ya siri bila kuona haya. Langu ndilo lililonishinda kulisema.

Kijana wetu wa pili ni mchekeshaji. Sisemi kwamba ni mtu mcheshi, maana wacheshi tunao wengi, hata mume wangu akipenda. Nasema ndiyo kazi yake. Anasimama mbele ya watu na kipaza sauti, peke yake, bila ngoma wala wenzake. Anasema, watu wanacheka, na kwa hilo analipwa. Miaka michache iliyopita nisingeweza kuandika maneno hayo.

Alianza mapema. Akiwa na miaka sita alikuwa akimwiga mzee mmoja wa kanisa, namna anavyokohoa mara tatu kabla ya kutangaza matoleo. Siku moja aliiga barazani kwetu, ndugu zake wamekaa chini wanacheka, naye mzee mwenyewe amesimama nyuma yake mlangoni. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilimchapa mtoto. Sikumchapa kwa sababu mzee aliudhika, maana hakuudhika. Nilimchapa kwa sababu niliona haya mbele ya mgeni.

Miaka kadhaa baadaye aliniletea chakula kazini siku ya kliniki ya watoto. Akina mama walikuwa wengi, foleni imesogea hadi nje, wawili wanagombania nafasi, watoto wanalia. Sijui nani alimchokoza, nikasikia kicheko. Kijana alikuwa anaigiza baba mmoja wa ziwani aliyepewa chandarua kwa ajili ya mkewe mjamzito, akakipeleka Kibirizi kuvulia dagaa. Baba yule anarudi nyumbani na samaki wadogo wa kujaza kikombe, anamkuta mtoto anatetemeka kwa malaria, naye anauliza kwa ukali nani amemletea mbu nyumbani kwake. Wale waliokuwa wanagombana walikuwa wanafutana machozi. Mimi nilikuwa nimeandaa somo la vyandarua la nusu saa, nikalifupisha. Tangu siku hiyo nilimwita mara nyingi siku za kliniki, na sikuona ubaya wowote, kwa sababu alikuwa anafanya kazi yangu mimi.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kunyoosha mambo. Yeye alikuwa na swali moja tu: "Na hiyo kazi inaandikwaje kwenye fomu?" Sikumlaumu. Sisi tuliokulia huku tulijua wachekeshaji wa aina mbili. Wa kwanza ni mtani msibani, yule anayekuja watu wakiwa wamezama katika majonzi, anajitupa kando ya kaburi na kudai alipwe ndipo marehemu azikwe, na hata mjane anajikuta ameangua kicheko katikati ya kilio. Huyo halipwi mshahara, anapewa chakula na senti kidogo na kesho yake anarudi shambani. Wa pili ni wale wa redioni. Nilipokuwa msichana tulikuwa tukisikiliza Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania, redio imewekwa dirishani ili na majirani wasikie. Haikunijia hata siku moja kujiuliza wale watu wanakula nini.

Basi kijana alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi ya chuo, baba yake akauza kahawa na mbuzi ili kulipa ada. Likizo alikuwa akishuka Mwandiga kwa gari, anakwenda mjini kusherehesha harusi, Mwanga na Ujiji. Huko ndiko alikoonwa na mtu mmoja anayepiga picha za video. Mtu huyo sitamtaja, wala jina la biashara yake. Alimwambia: wewe hufai kuishia kwenye harusi, wewe ni wa televisheni. Nadhani hakusema uongo.

Mwaka 2022 kijana akaja nyumbani na karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, zimeandikwa Kiingereza. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Tulikuwa tumepoteza mtoto mchanga usiku ule na mama yake alikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, miguu kwenye beseni la maji. Akasema, "Mama, naomba unisomee hii." Nikamjibu maneno ninayoyakumbuka kama yalivyo: "Mambo yako ya kuchekesha sitaki kuyasikia leo. Wewe ni mkubwa, fanya unavyoona."

Akafanya alivyoona. Alitia sahihi peke yake, juu ya tangi la pikipiki, pale stendi.

Alilipwa shilingi 150,000 kwa siku tatu za kupiga picha. Aliigiza mtu wa milimani, mkulima wa kahawa, ambaye hajawahi kuliona ziwa. Anafika Kibirizi kwa mara ya kwanza, anayaona maji, anaanza kumtafuta mwenye shamba hilo ili aulize wanapanda nini. Alimpa mtu huyo jina la kuchekesha, ambalo siliandiki hapa kwa sababu nitakayokueleza. Vipande vile viliingia kwenye simu za watu vikaenea kuliko homa. Dada yangu aliyeko Mwanza alimsikia kondakta akimwita abiria mzembe kwa jina lile. Hata mume wangu, siku moja niliingia chumbani ghafla nikamkuta ameziba simu na blanketi, mabega yanamtikisika.

Kisha simu ikapigwa kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na kipindi cha televisheni kilichomtaka, yeye pamoja na yule mkulima wake. Kijana akaacha chuo. Alituambia baada ya kuacha, si kabla. Akapanda treni. Hakumaliza wiki mbili huko kabla ya yule mpiga picha kupata habari na kupeleka nakala ya karatasi zile kwa wenye kipindi. Katika ukurasa wa pili ilikuwa imeandikwa kwamba jina, mavazi, sauti na mwenendo wa yule mkulima ni mali ya mwenye kamera, popote duniani, milele. Wenye kipindi hawakutaka kesi. Walimlipia nauli ya kurudi.

Alifika nyumbani usiku wa mvua. Siku tatu hakula kitu cha maana. Ndugu zake walidhani amenuna. Mimi nimeona watu wa namna ile wodini, najua tofauti ya mtu aliyenuna na mtu ambaye ndani yake taa imezimika. Nilichukua dawa ya kupulizia mibuni iliyokuwa stoo nikaipeleka kwa jirani, nikamwambia anitunzie. Hakuniuliza kwa nini, naye ni mama. Usiku nililala kwenye mkeka nje ya mlango wa kijana, nikidai kwamba chumbani kwetu kuna joto. Kalinzi, mwezi wa Novemba! Mume wangu alinitazama, asiseme neno, akaniletea blanketi la pili.

Usiku wa nne kijana alifungua mlango akanikuta pale. Akakaa chini sakafuni. Nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ile ya beseni. Akasema, "Mama, ningekuwa nimeletewa barua ya kazi ya hospitali, ungeisoma." Sikuwa na jibu. Ningeisoma hata ningekuwa na drip mkononi.

Kama una kijana au binti ambaye hali, halali, na anasema hana faida tena, usimwache peke yake na usingoje wiki iishe. Mpeleke kituo cha afya kama unavyompeleka mwenye homa. Wa kwetu nilimpeleka kwa mwenzangu, si kwangu, na alihudhuria kwa miezi mitatu. Niliogopa watu watasema nini kunikuta nimekaa kwenye benchi la wagonjwa na mwanangu. Hawakusema kitu. Mama mmoja alinisogelea akaniuliza wa kwake amlete siku gani.

Katika miezi ile mitatu ndipo nilipoanza kujifunza kazi ya mwanangu, kama nilivyojifunza uuguzi zamani. Niliuliza watu, nikasoma magazeti, nikatazama. Na kadiri nilivyosoma niliona kuwa yaliyompata hayakuanza kwake.

Nilianza na King Majuto, ambaye kila mtu nyumbani kwetu anamjua. Jina lake hasa ni Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948. Inasimuliwa kwamba alianza kupanda jukwaani akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, nchi haijapata uhuru. Sasa fanya hesabu. Televisheni za watu binafsi zilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Maana yake ni kwamba mtu huyu alikuwa amechekesha watu ana kwa ana, ukumbini, kwa miaka zaidi ya thelathini kabla nchi yake haijawa na kamera ya kumwonyesha sebuleni. Wakati wote huo mtaji wake ulikuwa uso, mwili na sauti. Zilipokuja kanda za video, kisha zile sahani za VCD na DVD katika miaka ya 2000, akawa kila mahali. Sisi huku tulimwona katika mabanda ya video, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nje. Akaingia na kwenye matangazo ya biashara. Akawavuta na vijana: yule Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Muheza mwezi Novemba mwaka 2012, watu wengi walimpenda wakimwona pamoja na mzee.

Lakini biashara ya filamu ya siku zile ilikuwa na desturi yake. Mara nyingi msambazaji aliinunua filamu kwa fedha ya mara moja. Baada ya hapo nakala ziuzwe elfu moja au laki moja, mwigizaji hahusiki tena. Mwaka 2018 King Majuto aliugua sana, akapelekwa India kwa matibabu, na ndipo nchi ilipoanza kuuliza: mtu aliyechekesha taifa zima namna hii, mbona tunamchangia? Suala la mikataba yake lilifika wizarani. Waziri wa habari, utamaduni, sanaa na michezo wa wakati ule, Dakta Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Tarehe 8 Agosti mwaka huohuo mzee alifariki katika Hospitali ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga.

Niache kidogo nivae gauni langu jeupe. Magazeti yaliandika kuwa King Majuto alikuwa akisumbuliwa na tezi dume. Mama mwenzangu, mume wako akifika miaka hamsini na ukaona anaamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo, au anakawia chooni kwa sababu mkojo hautoki vizuri, au anarudi na kusema bado hajamaliza, usimcheke na usimnyamazie. Wanaume wa kwetu huona haya, huita uzee. Mara nyingi ni uvimbe wa kawaida unaotibika, mara nyingine ni saratani, na tofauti hiyo haijulikani kwa kukaa nyumbani. Wa kwangu nilimwambia tunakwenda mjini kununua migebuka, nikampitisha hospitali kwanza. Alinuna mpaka Mwandiga.

Mzee Small naye, Said Ngamba, ambaye sisi wa umri wangu tulimcheka tangu televisheni zilipoanza, alipigwa na kiharusi akaugua kwa muda mrefu hadi alipofariki mwezi Juni mwaka 2014. Kenya, Mzee Ojwang wa Vitimbi, Benson Wanjau kwa jina lake, alichekesha taifa kwa miongo kadhaa, na macho yalipomsumbua uzeeni ilibidi wananchi wachangishane ili atibiwe. Alifariki mwaka 2015. Nilipomsomea mume wangu habari hizi jioni moja alisema, "Unaona? Ndiyo maana nilisema asome." Kijana alikuwa ukumbini akatusikia. Akajibu kwa upole, "Baba, hawa hawakukosa kusoma. Walikosa mtu wa kuwasomea."

Nililibeba neno hilo nikalala nalo.

Kulikuwa na habari nyingine iliyofanana zaidi na ya kwetu. Utawakumbuka wale vijana wa Ze Comedy katika EATV: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu. Usiku wa kipindi chao hata maji ya kuoga watoto yalikuwa yanapoa. Baadaye walihamia TBC1, lakini jina la kipindi halikuhama nao. Kulikuwa na mvutano juu ya nani mwenye jina, nao wakaendelea kwa jina la Orijino Komedi. Wakati ule sikulitilia maanani, niliona ni utani wao mwingine. Sasa nikaelewa. Hata hivyo wale walikuwa kundi, na walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa, watu waliwafuata walikokwenda. Kijana mmoja wa Kalinzi hana mtu wa kumfuata. (Masanja, kama unavyojua, siku hizi anahubiri na kuimba nyimbo za Injili. Mama mchungaji wetu huniambia, "Usikate tamaa na wako." Simjibu. Mimi simwombei mwanangu aache kuchekesha.)

Aliyenipa moyo ni mwanamke. Anne Kansiime ni mtu wa upande wa Kabale, magharibi ya Uganda, msomi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Alianza katika kundi la maigizo jijini Kampala, akaonekana katika kipindi cha Minibuzz, kisha akaanza kutoa vipande vyake vifupi katika YouTube. Ni mambo madogo tu: mwanamke anayebishana na mwenye duka, mwanamke anayemkaripia mtu aliyemsalimia vibaya. Kutoka hapo akapata kipindi chake mwenyewe katika televisheni ya Citizen ya Kenya, na mwaka 2019 alikuwa ndiye mwendeshaji wa shindano la East Africa's Got Talent. Mambo ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika na maneno ya watu kuhusu kutopata mtoto alikwisha kuyazungumza hadharani, na mwaka 2021 alijifungua mtoto wa kiume. Akina mama wa zamu yetu walishangilia kana kwamba wamemzalisha wao.

Kijana aliniambia jambo moja nikimwonyesha habari zake. "Mama, tazama kipindi chake cha Citizen kiliitwaje. Kilikuwa na jina lake ndani, Kansiime. Nani atamnyang'anya jina alilopewa na wazazi wake?"

Yuko pia Idris Sultan, wa kwetu Tanzania, ambaye njia yake ilikwenda kwa namna nyingine. Alishinda Big Brother Africa mwaka 2014, akafanya redio na vichekesho vya jukwaani, akaigiza katika filamu ya Kiumeni mwaka 2017, na mwaka 2021 akaonekana katika filamu ya Afrika Kusini iitwayo Slay, iliyoonyeshwa na Netflix. Lakini mwaka 2020 alishikiliwa na polisi kwa siku kadhaa baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais. Hili mume wangu alilitaja kila siku kwa mwezi mzima. Sina la kulipunguza. Mtu anayechekesha anacheza na moto wa watu wengine, na mama yake ndiye anayelala akiwa na masikio wazi.

Jambo moja zaidi nililojifunza, ambalo sikulijua kabisa: jukwaani na mbele ya kamera si kazi moja. Jukwaani watu wako pale. Wasipocheka unajua mara moja, unabadilisha. Mbele ya kamera kuna watu sita wamenyamaza kimya, mmoja ameshika taa, mwingine anatazama saa, na unarudia neno lilelile mara nane huku hakuna anayetabasamu. Kijana alisema siku ya kwanza alidhani wanamchukia. Na kuna mtu mwingine aliyeandika maneno, unatakiwa uyaseme kama yalivyo. Wengi wazuri wa jukwaani hushindwa hapo. Wako wanaokwenda kusomea. Pale Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha serikali, TaSUBa, kilichoanza mwaka 1981. Nilipomwambia mume wangu kwamba kuna chuo, chenye cheti na stashahada, alikaa kimya muda mrefu. "Kumbe inaandikwa kwenye fomu," akasema.

Kuhusu zile karatasi mbili, tulizipeleka kwa mtu anayejua sheria, muumini mwenzetu wa mjini ambaye hakututoza kitu. Alizisoma mara mbili. Alisema tungeweza kupambana, lakini ingechukua miaka na fedha, na sahihi ni ya mtu mzima. Alitueleza juu ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ambako mtu anaweza kusajili kazi yake. Alituambia na mambo ya kutazama katika karatasi ya namna ile. Je, inasema kazi hii moja, au kazi zote utakazofanya? Ni kwa muda gani? Ni kwa nchi gani? Ikiuzwa tena, unapata nini? Jina la mhusika ni la nani? Ukiugua katikati ya kazi, nani anakutibu? Niliyaandika yote nyuma ya kadi ya kliniki kwa sababu sikuwa na karatasi nyingine. Kadi hiyo bado ninayo, imo ndani ya Biblia yangu, na nimekwisha kuinakili kwa akina mama watatu.

Yule mkulima wa milimani tulimwacha. Ndiyo maana siandiki jina lake. Sitaki kumtangazia mtu biashara yake. Kijana alimlilia kama mtu aliyefiwa, na sikumwambia ni upuuzi. Mtu alimzaa akilini mwake, akamvika, akamtafutia sauti, kisha akamwona mwingine amevaa lile koti, anaigiza vibaya.

Sasa anapanda jukwaani kwa jina alilobatizwa nalo. Mwaka jana alichekesha mjini Kigoma mbele ya watu waliolipa kiingilio, nami nilikwenda. Nilikaa safu ya nyuma kabisa nikiwa nimejifunika kitenge mpaka kidevuni, maana haya haiishi siku moja. Alisimulia habari ya muuguzi mmoja anayewahoji wageni nyumbani kwake kana kwamba wako kliniki: "Umekuja lini? Umekula nini? Choo kikoje?" Ukumbi ulipasuka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alinigonga kiwiko akasema, "Huyu mama yake namhurumia." Nikasema hata mimi.

Wiki mbili zilizopita alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Amepewa nafasi katika tamthilia ya televisheni, si kubwa, anaigiza mpishi wa shule. Wamempa mkataba wa kurasa tisa na siku nne za kuusoma. Ilikuwa saa mbili usiku, nimetoka kuosha vyombo. Nilimwambia angoje. Nikakausha mikono, nikachukua Biblia nikatoa ile kadi, nikatafuta kalamu, nikavaa miwani.

"Haya, mwanangu, soma. Polepole."

Alikuwa amefika ukurasa wa tatu ndipo nilipogundua kwamba redio ya chumbani imezimwa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kandambili mguu mmoja.

"Muulize," akasema, "hilo neno 'milele' limo?"